Mtunga Sheria na Mali Yake

Ndugu zetu wauliza: je, ni vibaya tajiri kuwa Mbunge? Twajibu: mali ya halali si aibu, wala umasikini peke yake si uaminifu. Ubaya ni mtu kushika mizani na hali bidhaa inayopimwa ni yake.

Mtazame mwenye duka pale Adams Arcade, Nairobi. Kodi yake hutokana na sheria za Bunge. Mwaka 2016 Bunge liliwawekea mabenki kikomo cha riba (na hukumu ya riba yajulikana); mwaka 2019 kikomo kikaondolewa. Mbunge mwenye hisa za benki akipiga kura katika jambo kama hili, ampigia nani? Huenda akafanya haki. Lakini mwenye duka atajuaje?

Jirani zetu wa Tanzania, kwa Azimio la Arusha la 1967, waliwakataza viongozi kuwa na hisa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991 wakalegeza. Kenya, tangu Tume ya Ndegwa ya 1971, iliwaachia watumishi wa serikali wafanye biashara. Sheria ya 2003 ikawataka waandike mali zao, na mwaka 2025 ikatoka sheria mpya ya mgongano wa maslahi.

Lakini kuandika hakutoshi pasipo kuhesabiwa. Sayyidna Umar aliandika mali za magavana wake alipowapa kazi, kisha akawahesabia ziada. Basi Mbunge naye atangaze mali yake waziwazi, na biashara yake ikijadiliwa atoke, asipige kura. Nasi yatupasa kumuuliza hayo kabla ya kumchagua.