Dinari Mbili za Msamaria

Tunaposoma habari za Msamaria Mwema katika Injili ya Luka, sura ya 10, wengi wetu husimama pale barabarani. Tunamwona kuhani akipita upande wa pili, Mlawi naye akipita, kisha Msamaria anashuka, anamhurumia yule majeruhi na kumfunga jeraha zake. Mahubiri mengi huishia hapo. Lakini Luka anaendelea. Msamaria alimpeleka mtu yule katika nyumba ya wageni, akamuuguza, na siku ya pili akatoa dinari mbili akampa mwenye nyumba, pamoja na ahadi kwamba gharama yoyote itakayozidi atailipa atakaporudi. Hakujenga nyumba ya wageni. Aliitumia ile iliyokuwapo, akalipia siku zilizokuwa mbele.

Naanza na dinari hizo mbili kwa sababu zinagusa jambo ambalo makanisa yetu yanalizungumza sana siku hizi, hasa katika miji inayokua haraka: kujenga hospitali. Swali langu si kama tunaweza kujenga. Nauliza, tukijenga, tunamwahidi nani, na tunamwahidi nini?

Tuitazame Dodoma. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo leo ni Jiji la Dodoma. Sensa ya 2022 ikakuta watu 765,179. Katikati ya sensa hizo mbili Serikali ilihamia, Mji wa Serikali ukaanza kuinuka Mtumba, na Dodoma ikatangazwa kuwa jiji mwaka 2018. Mashamba ya uwele na mtama yamepimwa viwanja. Watu waliohamia hawakuja na samani peke yake. Wamekuja na mimba, na watoto wachanga, na wazazi wenye presha na kisukari. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wenyeji bado wanaiita General, ilikuwapo kabla ya wimbi hili, na ile ya Benjamin Mkapa ilianza kutoa huduma mwaka 2015. Pamoja na hizo, anayeishi katika mitaa mipya ya pembezoni anajua jinsi safari ya usiku inavyokuwa ndefu. Basi si ajabu kwamba katika vikao vya sharika neno hospitali linatajwa. Kiwanja tunacho. Washarika wenye ajira tunao. Madaktari tunaabudu nao kila Jumapili. Kwa nini tusijenge?

Wanaouliza hivyo wana historia upande wao. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norway, huko Mbulu ndani, mahali ambapo wakati ule mtu mwenye hesabu za biashara asingeweka hata duka la chumvi. Leo Haydom ni mji mdogo, na ukweli ni kwamba mji ule uliifuata hospitali. Ndivyo zilivyowekwa nyingi za hospitali zetu za zamani: walitafuta mahali ambapo hakuna kitu, wakaanzia hapo.

Dodoma mambo yamegeuka. Hapa hospitali ndiyo inayoufuata mji, na kuufuata mji, tusifichane, ni kuwafuata wenye kadi za bima. Sisemi kwamba hiyo ni dhambi. Hoja inayotolewa ina uzito: mgonjwa mwenye bima akitibiwa kwetu, kinachobaki kitamsaidia asiye nacho. Mimi naikubali hoja hiyo kwa sharti moja, kwamba fungu la asiye nacho liandikwe kabla jiwe la msingi halijawekwa, kwa tarakimu. Likiachwa lingoje "kitakachobaki", halitapatikana. Hakuna hospitali ambayo mwisho wa mwezi hubakiwa na kitu kisichokuwa na mwenyewe.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo uadilifu wa jambo lenyewe ulipo. Wiki moja ina saa 168. Sheria ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Ukigawanya, utaona kwamba ili nafasi moja ya muuguzi wodini isikae wazi usiku na mchana, wanahitajika watu karibu wanne; na hapo hakuna aliyekwenda likizo yake ya siku 28, hakuna aliyejifungua na kupewa siku zake 84, hakuna aliyeugua wala kufiwa. Ukiyaingiza hayo, wanne wanaelekea kuwa watano. Hiyo ni nafasi moja tu. Bado wodi ya wazazi, wodi ya watoto, chumba cha upasuaji, maabara, chumba cha dawa, mapokezi, mtu wa jenereta, mtu wa kichomea taka. Na hao wote wanalipwa kila mwezi, mwezi wa mavuno na mwezi wa njaa, hata ule mwezi ambao malipo ya bima yamechelewa.

Kwa harambee ya bati tunajua jinsi ya kuwainua watu. Mtu anasimama anaahidi mifuko 100 ya saruji, kwaya inaimba, mwingine anaona haya kukaa. Ni jambo jema na sipendi kulibeza. Lakini sijawahi kuona harambee ya mshahara wa muuguzi wa zamu ya usiku, mwezi wa nne, mwaka wa sita tangu ufunguzi. Jina la mtoaji halichongwi kwenye mshahara. Kwa hiyo tunajikuta tumelichangia kwa furaha lile lenye mwisho, na lile lisilo na mwisho tumemwachia Mungu, kwa maneno ambayo yanafanana na imani.

Kwa nini jambo hili liitwe la uadilifu, lisiwe la uhasibu tu? Chukua mfano. Ni saa nane usiku, katika mtaa mpya, mama amejifungua nyumbani na damu haikomi. Mume amepata bajaji. Mbele yake kuna hospitali mbili: moja ya mbali ambayo kila mtu anaijua, na moja ya karibu yenye bango na msalaba. Anakwenda ya karibu, nani asingekwenda? Anapofika anamkuta mlinzi na muuguzi mmoja. Daktari wa upasuaji huja Jumanne na Alhamisi. Mtaalamu wa usingizi ameacha kazi kwa sababu mishahara imechelewa miezi mitatu. Damu ya akiba hakuna. Muuguzi anaandika rufaa, kwa upole na kwa maombi, na bajaji inageuza. Saa nzima imekwisha. Kama bango lile lisingekuwapo, wangekuwa wamekwisha kufika kule kwingine.

Hospitali isiyo na watu inamgeuza njia mgonjwa, na kwa hiyo yaweza kuwa na madhara kuliko kiwanja kitupu. Jengo la ibada lisipokamilika tunasali juani, na anayeungua ni mimi niliyechelewesha ahadi yangu. Hospitali isipokamilika, anayelipia ni mtu ambaye hakuwa kwenye kikao chetu, pengine si wa kanisa letu, pengine si Mkristo. Yeye alisoma bango tu, akaliamini. Ahadi ni deni, na hapa mdai ni mtu ambaye hatujamjua bado.

Mtu atasema: ndugu, hiyo ni hofu. Wazee wetu wangehesabu hivyo wasingejenga kitu. Nimelifikiria neno hilo, na naona limesahau jambo moja. Wamisionari walikuwa na hesabu. Nyuma yao walikuwapo watu wa makanisa ya mbali waliotuma sadaka mwaka hata mwaka, kwa ajili ya dawa na posho za watumishi ambao hawangewaona kamwe. Dinari mbili zilikuwa zikitumwa. Sisi tuliona jengo tu. Na hospitali zilizo kubwa zaidi zinatufundisha hilohilo. KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilianzishwa na shirika lililojiita kwa jina la huyu huyu Msamaria Mwema. Bugando ya Mwanza, iliyojengwa na maaskofu Wakatoliki, ilifunguliwa mwaka uleule, ikachukuliwa na Serikali mwaka 1972, ikarudishwa kwa Kanisa mwaka 1985. Zote mbili zimesimama kwa mapatano ambayo Serikali inabeba mishahara ya watumishi wengi. Hata majabali hayo hayasimami kwa sadaka peke yake. Yesu mwenyewe, katika Luka 14, alimsema mtu anayeanza mnara bila kuketi kwanza na kuhesabu gharama, na sidhani alikuwa anahubiri hofu.

Sitaki pia mtu asome haya akadhani kwamba majengo ni ubatili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Sababu ni nyingi, na wataalamu wataendelea kuzichambua, lakini katika miaka hiyo vyumba vya upasuaji vilifunguliwa katika vituo vya afya ambavyo zamani vilikuwa vya panadol na sindano, na sioni namna ya kudai kwamba havikuchangia kitu. Ukaribu unaokoa. Ukaribu wenye mtu ndani yake.

Liko jambo jingine ambalo tunalisema tukiwa nje ya ukumbi, wakati wa chai. Wakatoliki wana yao, Waanglikana wana yao, na sisi je? Swali hilo halijawahi kuandikwa katika muhtasari wa kikao, ila limejenga zahanati nyingi zinazotazamana. Mwaka 1992 makanisa yalianzisha Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ili katika elimu na afya tuongee na Serikali kwa sauti moja. Huko juu tunaongea kwa sauti moja; huku chini kila mmoja anatafuta kiwanja chake kando ya lami. Na Serikali nayo haijalala: kuanzia mwaka wa fedha 2018/19 ilianza kujenga hospitali 67 za halmashauri kwa mpigo. Kila wilaya inapopata hospitali yake, ile ya kanisa iliyokuwa teule inabidi iulize upya ruzuku na watumishi wake watatoka wapi. Kamati ya ujenzi ambayo haijaenda kwa Mganga Mkuu wa Jiji kuuliza ni nini kimepangwa kujengwa wapi katika miaka 10 ijayo haijaanza kazi, hata kama michoro imekwisha kulipiwa.

Ikienda, huenda ikarudi na jibu ambalo halina utukufu. Huenda ikaambiwa kwamba upungufu uliopo ni nyumba za watumishi, ili muuguzi wa kituo cha afya cha Serikali asilale kilomita 20 kutoka kazini. Au nyumba ya kusubiria wajawazito, ile ambayo wengi huiita chigonela, vyumba vinne na jiko, kwa akina mama watokao vijijini ambao siku zao zimekaribia. Au chumba chenye joto cha watoto njiti ndani ya hospitali ambayo haina jina letu. Msamaria alilipia nyumba ya wageni ya mtu mwingine. Hatuambiwi mwenye nyumba alikuwa wa dini gani, na yaelekea alikuwa Myahudi, mtu ambaye kwa kawaida asingekaa naye meza moja. Je, sharika zetu ziko tayari kuchangia wodi ambayo katika ufunguzi wake askofu wetu atakaa safu ya tatu? Hilo nalo ni swali la imani, na kwangu mimi ni gumu kuliko lile la kiwanja.

Lakini tuseme yote yamefanyika. Jiji limesema jengeni, hapo hakuna kitu, na mishahara ya miaka ya kwanza imepatikana. Bado kuna dirisha la malipo. Sera ya nchi inasema mama mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano na mzee asiyejiweza watibiwe bure, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023. Lakini mgonjwa atafika leo, kabla mambo hayajakaa sawa, akiwa na hernia iliyojikunja na simu yenye salio la shilingi elfu mbili. Tunajua ugomvi uliotokea katika nchi hii juu ya maiti kuzuiliwa kwa sababu ya deni, hadi Serikali ikakataza. Hakuna mtunza hesabu anayeamka asubuhi akiwa na nia ya kumzuia marehemu. Anafika hapo kwa sababu aliachiwa peke yake dirishani na amri moja, kwamba fedha zisipotee.

Kwa hiyo mpango wa hospitali ya kanisa uwe na ukurasa wa dinari mbili. Uandikwe humo ni kiasi gani kwa mwezi kitatumika kwa wasio na uwezo, kinatoka mfuko gani, na kikiisha tarehe 19 nani anaulizwa. Uandikwe pia ni nani mwenye mamlaka ya kusema "mpelekeni chumba cha upasuaji, mengine tutazungumza" saa nane za usiku wa Jumamosi. Na kiwe cheo cha mtu mmoja, mwenye simu inayowashwa usiku, si kamati ya huduma za jamii ambayo hukutana kila baada ya miezi mitatu.