Dua kwa Wenye Dhamana

Katika wimbo wetu wa taifa hapa Tanzania, mara tu baada ya kumwomba Mungu awabariki viongozi, tunaitaja hekima, tena mbele ya umoja na amani. Dua hiyohiyo tunaisoma kwa maneno mengine Ijumaa misikitini na Jumapili makanisani: Mola awape wakubwa wetu busara, awaongoze katika haki. Tunaitikia amina, kisha kila mtu anashika njia yake. Siku hizi napenda kukaa kidogo na amina hiyo, nijiulize nimeomba nini hasa.

Nikitafuta mfano wa ninachokiomba, mawazo hunipeleka Januari 1977. Mwaka uliotangulia, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, polisi na maofisa wa usalama waliokuwa wakichunguza mauaji ya vikongwe waliwakamata watu na kuwatesa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa dola. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Mkono wake haukumpiga mtu. Hata hivyo alijiuzulu, kwa kuwa waliotenda yale walikuwa chini ya wizara yake.

Hapo ndipo ninapotulia. Kukiri ulilolitenda mwenyewe ni kazi, lakini kuibeba lawama ya watu ambao pengine hujawahi kuonana nao, hali visingizio vyote viko tayari mezani, kunataka moyo uliokwisha kuzoea kujihukumu faraghani. Naamini ukweli wa kiongozi hujengwa huko: usiku, wapambe wakishaondoka, anapobaki na Muumba ambaye hadanganyiki kwa taarifa iliyoandikwa vizuri. Na hekima haiko mbali na hapo. Anayejifichia ukweli wa nafsi yake ataionaje hali ya nchi?

Mwinyi alipelekwa Misri kuwa balozi. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na 1985 akakabidhiwa Jamhuri yote ya Muungano. Simfanyi walii. Ni katika utawala wake, mwaka 1991 huko Zanzibar, chama tawala kilipolegeza miiko ya uongozi iliyowekwa na Azimio la Arusha mwaka 1967, ile iliyomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa katika kampuni au kuwa na nyumba za kupangisha. Bado jambo hilo linanihuzunisha. Jamii inayomwambia kiongozi wake “hiki usikiguse” inamhifadhi na tamaa yake mwenyewe, na huo ni upendo, japo una ukali.

Sasa tunayo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, inayomtaka kiongozi atoe tamko la mali na madeni yake. Ni sheria njema, na ifuatwe. Lakini tamko hilo huandikwa na mkono uleule unaoweza kuficha, na ndiyo maana siachi kuomba.

Nasi waombaji tuna fungu letu. Tunamlilia Mungu atuletee mkweli, kisha kampeni zikifika tunamshangilia anayegawa kofia na kanga, na yule anayesema wazi kwamba fedha za barabara hazitatosha mwaka huu tunamwona hafai. Viongozi hawashuki kutoka mbinguni. Wamelelewa kwetu, wamesikia tangu utotoni ni uongo upi tunaousamehe na ni ukweli upi tunaouadhibu.

Basi nawaombea kwa vyeo vyao, kuanzia mwenyekiti wa mtaa hadi aliye Ikulu. Siku ovu litakapotendeka chini yao, Mola awape nguvu ya kulibeba bila kumtafuta mdogo wa kumtwika. Na sisi atupe subira ya kuwasikiliza mpaka wamalize, tusiwazomee.