Imamu Anaposahau

Imamu akisahau ndani ya sala, sheria haiwaamuru maamuma wanyamaze kwa kumstahi, wala haiwapi ruhusa ya kuvunja safu na kutoka nje wakimteta. Mwanamume husema Subhana Llahi, mwanamke hupiga kofi, naye aliye mbele, bila kugeuka kutazama ni nani aliyemzindua, hutengeneza alipokosea, akasujudu sijda mbili za kusahau, na sala ya wote ikasihi.

Kumzindua imamu kuna mfano mtukufu. Siku moja mjini Madina, katika sala ya adhuhuri au ya alasiri, Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alitoa salamu baada ya rakaa mbili badala ya nne, akaondoka akaegemea gogo lililokuwamo msikitini, vidole vimefumana, kama mtu mwenye ghadhabu. Abubakar na Umar walikuwapo, lakini haiba yake iliwafunga ndimi. Aliyethubutu kunena ni mtu mwenye mikono mirefu, aliyelakabiwa Dhul-Yadayn kwa sababu hiyo, akauliza kama sala imepunguzwa au yeye amesahau. Akajibiwa kwamba halikutukia hili wala lile. Walakini jibu hilo halikufunga shauri, kwani Mtume aliwauliza waliohudhuria, na walipomsadiki msemaji, alitimiza rakaa zilizosalia, kisha akasujudu.

Kwa shehe, padri au mchungaji alaumiwaye leo kwa hotuba ndefu au kwa hesabu ya sadaka isiyosomwa, kisa hiki ni chuo kizima. Lawama haikupimwa kwa nasaba wala cheo cha mwenye kuitamka. Haikukubaliwa kwa kinywa kimoja, maana husuda nayo ina ulimi, wala haikutupwa kwa kuwa ilichoma. Iliulizwa kwa mashahidi, na ilipothibiti, kilichopungua kilitimizwa palepale kilipopungulia, mbele ya macho yale yale.

Na muumini naye ana fungu lake. Dhul-Yadayn aliuliza, hakuhukumu. Alisema msikitini mbele ya mwenyewe, hakungoja kwenda kulisimulia barazani. Imamu hastahili kumchukia mtu wa namna hii, bali ampe nafasi ya karibu nyuma yake. Kwani siku ile, kama wote wangalinyamaza kwa adabu, wote wangalirudi majumbani na nusu ya sala.