Ukuta wa Dari na Damu ya Mpangaji

Andiko: Kumbukumbu la Torati 22:8

Jumapili tulisoma mstari mmoja tu, na wengi mliniambia hamjawahi kusikia ukihubiriwa. Mungu anawaagiza Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya aizungushie dari ukuta, ili asianguke mtu kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo.

Dari za wakati ule zilikuwa tambarare, na watu waliishi huko juu. Rahabu aliwaficha wapelelezi darini chini ya mabua ya kitani. Petro alipanda darini kuomba. Sasa mahali watu wanapolala na kufanyia kazi, siku moja mtu atateleza tu.

Angalia Mungu anaongea na nani. Hakuwaambia wageni wachunge wanapokanyaga. Hakumwambia mpangaji atafute nyumba kwingine. Aliongea na mwenye nyumba, na aliongea naye kabla mtu hajaanguka.

Niruhusuni nilete hilo neno hapa Nairobi. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa sita kule Huruma, karibu na mto, liliporomoka na watu zaidi ya 40 wakafa. Juni 2017 lingine likaanguka Kware, Embakasi. Mwaka wa 2024 mafuriko ya Aprili na Mei yakaingia Mathare, halafu matingatinga yakaja kubomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni. Nikasikia watu wakisema, tena watu wa kanisa, "Lakini nani aliwaambia wakae pale?" Wapendwa, wengi wa wale walikuwa wapangaji. Walilipa kodi kila mwezi kwa mtu aliyejenga pale akijua mto uko wapi, na mara nyingi huyo mtu halali pale. Maji yalipokuja usiku yalimkuta mpangaji na watoto wake.

Naona amina zimepungua. Nitaendelea tu.

Chumba cha mabati, futi kumi kwa kumi, watu watano ndani. Choo ni kimoja cha ploti nzima, na usiku mama anaogopa kukiendea na binti yake. Stima ni waya uliovutwa juu ya mabati. Ukishika moto, ploti tatu zinaisha kabla gari la zimamoto lipate njia. Maji ni ya mtungi wa lita 20. Hata ukiuziwa kwa shilingi 5, lita 1,000 zinafika shilingi 250, na mwenye mfereji ndani ya nyumba kule Kileleshwa analipa chini ya hapo kwa maji ya kaunti hiyo hiyo. Maskini analipa zaidi apate kidogo! Katiba yetu, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao ya kufaa, na walioajiriwa wanakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Hayo tuyadai kwa serikali bila uoga. Lakini mstari wetu wa leo haukuandikiwa serikali.

Wenye ploti mko hapa kanisani. Mko na nyumba Mukuru, Mathare, Kibera, na zile ghorofa za Pipeline ambazo chumba cha chini hakioni jua mchana. Mnatoa fungu la kumi la kodi kwa uaminifu, na nawashukuru. Lakini Yeremia 22 inamtamkia ole mtu anayejenga nyumba yake kwa udhalimu, na haiulizi kama huwa analeta sadaka. Je, kujenga nyumba za kukodisha ni dhambi? Hapana. Bila hizo nyumba, kijana anayefanya kibarua Industrial Area angelala wapi? Ninalouliza ni kama dari yako iko na ukuta. Mlango wa pili wa kutokea moto ukiwaka. Nguzo zikaguliwe na mhandisi kabla hujaongeza ghorofa ya saba. Choo kiwe na taa, na komeo kwa ndani. Hata ule ukuta wa dari ulikuwa na gharama, na haukumwongezea mwenye nyumba hata ndururu.

Na wewe mpangaji, usicheke sana. Ukivuta waya kwa siri, ama ukifunga njia ya ploti kwa magunia ya makaa, andiko hili linakutafuta pia.

Jumatano baada ya maombi ya jioni, wenye ploti tutaketi pamoja pale nyuma ya madhabahu. Fundi wa stima na ndugu yetu mhandisi watakuwepo, hawatalipisha. Kila mmoja aje amehesabu vyoo na milango yake. Wapangaji walio na neno kuhusu nyumba wanazoishi waliandike kwenye karatasi, bila jina, waweke kwenye kikapu cha maombi mlangoni. Nitazisoma zote kabla ya Jumatano.