Aliyebaki Mlimani: Tuwakumbuke Wanaotupanga



Sifa zote njema zinamstahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, fadhila za kujitolea tumezisikia mara nyingi katika darsa zetu. Tunajua malipo ya mwenye kumfuturisha aliyefunga, ya mwenye kufundisha Qur'ani, na hata ya mwenye kuondoa mwiba njiani. Leo nataka tumtazame mtu ambaye huwa tunampita tukiwa mbioni kuzifuata thawabu hizo: yule anayetupanga. Ndiye anayepiga simu, anayeandika orodha, anayetafuta usafiri, anayejua nani kaja na nani hakuja. Namzungumzia kwa sababu mimi mwenyewe nilimdhulumu mmoja wao.

Mnajua kwamba kila Jumamosi ya muhula kundi letu hutoka Lilongwe kwenda kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, mwendo wa zaidi ya kilomita 40. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ikakusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wamepita 50,000. Katika mahali kama pale mambo mengi husimama kwa mikono ya watu wasiolipwa: madrasa, masomo ya ziada, timu za mpira, hata Tamasha la Tumaini linalofanyika kambini tangu mwaka 2014. Mimi nimekulia pale. Watoto tunaowafundisha ni majirani wa mama yangu.

Jumamosi moja ya Ramadhani nilikuwa nimeandikwa kusaidia kugawa futari. Baada ya Alfajiri nililala chumbani kwangu Kauma. Simu iliita mara tatu, nikaisikia, nikaigeuza kifudifudi. Adhuhuri nikamwandikia dada mratibu wetu: "Samahani dada, nimepata dharura." Akajibu: "Pole kaka, Allah akufanyie wepesi." Dharura yenyewe ilikuwa usingizi.

Muhula uliofuata dada yule alikuwa na mitihani mizito. Akanikabidhi daftari lake kwa Jumamosi nne. "Kaka, nishikie hili," aliniambia. "Hakuna kazi ngumu, ni kuwapigia tu."

Jumamosi ya kwanza watu 14 walikuwa wameahidi. Nilisimama kituoni tangu saa moja asubuhi, simu mkononi. Walikuja 6. Wengine walisoma ujumbe wakanyamaza. Wengine waliandika "inshaallah", nami siku ile nikajua kwamba neno hilo tukufu kuna wanaolisema kwa kuazimia, na kuna tunaolisema kwa kukataa bila kuonekana tumekataa. Kule kambini watoto walikuwa wameketi kwenye mikeka, darasa tatu, walimu wawili. Aliyeulizwa na wazazi kwa nini darasa la tatu halina mwalimu ni mimi. Wale wanane hakuna aliyewauliza.

Usiku nikafungua daftari kutafuta namba za watu wa akiba. Mbele ya kila jina dada alikuwa ameandika maneno machache. "Asipangiwe asubuhi, anamuuguza mama yake." "Mpigie, usimwandikie." "Ana aibu, apewe watoto wadogo kwanza." Nikaifikia ile Jumamosi ya Ramadhani. Mbele ya jina langu palikuwa na maneno haya: "Amechoka. Asisumbuliwe wiki ijayo." Kumbe alijua. Chini ya ukurasa palikuwa na hesabu: nauli ya watu wawili waliopungukiwa, vocha za simu, na maneno "nimetoa mimi". Nilirudi nyuma kurasa nyingi. Maneno hayo yalikuwamo karibu kila wiki, na sikuona mahali palipoandikwa kwamba amerudishiwa.

Ndugu zangu, ndipo nilipokumbuka vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Sote tunakijua kisa cha wapiga mishale. Mtume (s.a.w.) aliwaweka 50 juu ya kilima na kuwaamrisha wasiondoke kwa hali yoyote mpaka awatumie mjumbe. Walipoona maadui wanakimbia na ngawira imetapakaa, wengi wakashuka, na ushindi ukageuka. Kisa hiki tunakisimulia kila mwaka kwa ajili ya walioshuka. Je, jina la kiongozi wao tunalijua? Ni Abdullah bin Jubayr (r.a.). Aliwakumbusha amri, hawakumsikiliza. Akabaki mahali pake na wachache wasiofika kumi, akauawa pale pale, Allah amridhie.

Hebu tufikirie hali yake. Madina ya wakati ule haikuwa na askari wa mshahara. Hakuwa na posho ya kuwakata wala kazi ya kuwafukuza. Alichokuwa nacho ni neno lake na utiifu wao. Hiyo ndiyo hali ya kila anayesimamia waliojitolea mpaka leo. Mwajiri akikosa mtu humkata siku yake. Mratibu wetu akikosa mtu huifanya kazi ya mtu huyo yeye mwenyewe, kisha Ijumaa inayofuata humpigia tena kwa upole.

Na upole huo una asili yake katika Kitabu. Sura ya Aal Imran, katika aya zinazozungumzia Uhud, inataja kosa la walioasi amri na kwamba Allah amekwisha kuwasamehe. Kisha katika aya ya 159 Mtume (s.a.w.) anafundishwa kwamba lau angekuwa mkali na mwenye moyo mgumu, watu wangetawanyika wakamwacha, basi awasamehe, awaombee maghufira na ashauriane nao. Zingatia: hata baada ya kosa lile, anaamrishwa aendelee kuwashauri. Aya hii ni mzigo mzito kwa anayeongoza. Lakini sisi tunaoongozwa tusiigeuze mto wa kulalia, tukasema atasamehe tu, ndiyo kazi yake. Anayesamehe kila wiki naye huchoka.

Basi tufanye nini? Nina mambo manne.

Kwanza, tumpe jibu la kweli na mapema. "Siwezi", ikitumwa Alhamisi, ni msaada mkubwa. "Inshaallah" ya uongo ya Ijumaa usiku ni mtego.

Pili, tumrudishie anachotoa. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Mtume (s.a.w.) anatufundisha kumlipa aliyetufanyia wema, na tukikosa cha kumlipa, tumwombee dua. Wengi wetu tunaanzia mwisho: tunaandika "Jazakallahu khayran" kwenye kundi la simu na mfuko tumeufunga. Dua ni jambo kubwa, lakini nauli yake tunayo. Kila safari itengewe fedha za vocha na nauli za dharura kabla haijatangazwa.

Tatu, asiwe peke yake. Nabii Musa (a.s.), alipopewa kazi, alimwomba Mola wake amfanyie Harun msaidizi wa kumtia nguvu na kushirikiana naye, kama tunavyosoma katika Sura Taha. Ikiwa Nabii aliomba msaidizi, kwa nini tumwachie mwanafunzi mmoja daftari kwa miaka miwili? Kila mratibu awe na naibu, na muda wake uwe na mwisho unaojulikana, apumzike kabla hajavunjika.

Nne, tumshukuru kwa kitu anachokijua yeye. Imepokewa kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Allah. Shukrani ya jumla kwa "kamati nzima" mara nyingi haimfikii mtu. Mwambie: dada, nimeona ulivyompangia fulani watoto wadogo mpaka akazoea. Hapo atajua kwamba kuna aliyeiona kazi yake.

Mimi nilimwendea dada yule nikamwambia ukweli wa ile siku ya Ramadhani. Alicheka kidogo, akasema, "Nilijua, kaka. Lakini ungeniambia umelala ningemtafuta mwingine mapema. Siku ile wawili tuligawa uji peke yetu, watoto wa mwisho walikula baada ya Isha." Mpaka leo sina jibu la maneno hayo.

Ndugu zangu, dada huyo ameomba kupumzika muhula ujao, na haki yake ni apumzike. Nimekubali kulishika daftari. Ninatafuta naibu, na ninatafuta majina 14 yatakayokuja yakiwa 14. Usisubiri nikupigie mara tatu.

Ewe Mola wetu, walipe kheri wanaotupanga na wasiopangiwa na mtu. Wape nguvu pale tulipowaacha, na utusamehe tulioshuka kilimani kabla ya wakati. Utujaalie tuwe watu wa ahadi. Aamin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.