Kitunguu cha Nani?

Bibi alipanda vitunguu vya majani katika karai bovu, uani kwetu Mkokotoni. Alitufunza: kata jani, shina liache, litachipua. Likizaana lipasue, mpe jirani.

Alipofariki, mimi nikawa mgawaji wa majani tu. Kwani anayepewa jani kesho atarudi kuomba. Anayepewa shina hana shida nawe tena. Na mimi, nikiri, nilipenda kuombwa! Dada wa nyumba ya pili alipotaka shina nikamwambia, "Halishiki." Uongo mtupu.

Kisha mbuzi akang'oa yote. Ikabidi nende kwa bi mkubwa mmoja kule pwani, aliyegaiwa na Bibi zamani. Akanichimbulia matatu, wala hakuuliza kitu.

Msomaji, haya sasa ni ya nani? Yule dada bado sijamwendea.