Kalebu wa Miaka 85 na Mlawi wa Miaka 50



Kuna andiko ambalo sisi Wapentekoste tunalipenda sana, Yoshua 14. Kalebu anasimama mbele ya Yoshua akiwa na miaka 85, anasema nguvu zake ni zile zile za siku Musa alipomtuma kuipeleleza nchi. Halafu anaomba apewe mlima. Tukifika hapo kanisa lote liko juu, kinanda kinalia, na mzee wa miaka 65 anarudi nyumbani akiamini kwamba akikubali tu kuwa magoti yanauma, amemvunjia Mungu heshima.

Swali langu wiki hii ni hilo. Mtu wa imani akipunguza mzigo kwa sababu ya umri, je, imani yake imepungua? Na kama haijapungua, nani atabeba kile alichokiweka chini?

Fungua Hesabu 8:24-26. Mungu yule yule wa Kalebu anampa Musa utaratibu wa Walawi. Mlawi anaingia kazini akiwa na miaka 25, na akifika 50 anatoka kwenye ile kazi nzito. Na ilikuwa nzito kweli. Wana wa Kohathi hawakupewa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Vyombo vitakatifu walivibeba mabegani, jangwani, kwenye jua (Hesabu 7:9). Lakini soma mstari wa 26 vizuri. Mlawi wa miaka 50 hafukuzwi hemani. Anabaki akiwasaidia ndugu zake kulinda. Mzigo umebadilika, wito uko pale pale.

Kwa hivyo tuna watu wawili. Kalebu ni ushuhuda: Bwana alimhifadhi, na yeye mwenyewe anakiri hivyo. Mlawi ni utaratibu: ndivyo Mungu alivyopanga kazi ya kila siku kwa watu wa kawaida. Shida inaanza tunapochukua ushuhuda wa mmoja tukaufanya sheria ya wote.

Nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, na kule darasani kuna hesabu inaitwa uchakavu. Ukinunua mashine ya kusaga unga leo kwa shilingi 200,000, mwaka ujao huwezi kuiandika kwenye vitabu kwa bei ile ile. Mhasibu anayeipunguza thamani kila mwaka hailaani hiyo mashine. Anasema ukweli, ili mwenye mali ajue lini abadilishe beringi na lini apunguze magunia. Anayeharibu ni yule asiyeandika, maana siku mashine ikikatika hakuna aliyejiandaa.

Mwili nao una vitabu vyake. Misuli huanza kupungua polepole tangu miaka ya thelathini, huko niliko mimi sasa, na baada ya 60 inapungua kwa kasi zaidi. Kiungo kilichoumia kinachukua muda mrefu kupona kuliko zamani. Kulisema hilo si kukiri kushindwa. Ni kuandika vitabu kwa uaminifu, na mwili huu ni mali ya Mwingine (1 Wakorintho 6:19-20).

Lakini hapa mwili unaishinda mashine. Mashine ikichakaa haijijengi. Mwili unajijenga. Mwaka 1990 watafiti huko Boston, Marekani, walichapisha walichokiona walipowapa wazee kumi wa nyumba ya kutunzia wazee mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu. Wazee hao walikuwa na umri wa karibu miaka 90. Kwa wiki nane tu, waliomaliza waliongeza nguvu za miguu kwa wastani wa asilimia 174, yaani zaidi ya mara mbili ya walivyoanza nazo. Ni kweli ujana ni moshi, ukienda haurudi. Nguvu nyingine hurudi.

Kwa hivyo kuna makosa mawili hapa. Kuna anayebeba akiwa na 60 kama aliyekuwa na 25, na kuna anayeketi chini ya mwembe tangu asubuhi akisema umri umeenda. Wote wawili hawajafungua vitabu. Paulo anamwambia Timotheo kwamba kuuzoeza mwili kuna faida kidogo (1 Timotheo 4:8). Wengi wetu tukisoma kidogo tunasikia hakuna.

Mwanariadha wetu Edna Kiplagat alishinda Boston Marathon mwaka 2017 akiwa na miaka 37. Mwaka 2024 akarudi akiwa na miaka 44, akawa wa tatu, nyuma ya Hellen Obiri na Sharon Lokedi. Sijasikia mtu akimwambia kwamba nafasi ya tatu ni aibu. Umri ulichukua kitu, na yeye bado alikuwa barabarani.

Sasa mzee wetu afanye nini? Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Waliofika miaka 65 waongeze mazoezi ya kutoanguka, siku tatu kwa wiki. Hakuna haja ya jimu. Kaa kwenye kiti kisha simama bila kushika kitu, mara nane, pumzika, rudia. Sukuma ukuta badala ya kulala chini kupiga pushapu. Simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Tembea ufuoni maji yakitoka, mchanga ukiwa mgumu. Ongeza kidogo kidogo, na uupe mwili siku ya kupumzika katikati. Kama una presha, sukari au moyo, zungumza na daktari kwanza. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, acha hapo hapo utafute msaada.

Hayo ni mepesi kusema. Mzee mmoja wa kanisa letu, aliyepita miaka 60, anachonga mawe kwenye machimbo. Nilimweleza haya akanisikiliza kwa adabu yote, kisha akasema: "Pasta mwanangu, maneno yako ni mazuri. Lakini mimi nalipwa kwa jiwe. Nikipunguza mawe, nani atapunguza njaa?"

Hilo ndilo swali lenyewe, na halijibiwi kwa mazoezi ya kiti. Mlawi wa miaka 50 aliweza kuweka mzigo chini kwa sababu palikuwa na Mlawi wa miaka 25 wa kuuinua, na palikuwa na zaka ya Israeli ya kumlisha (Hesabu 18:21). Sheria ile haikumwambia mzee peke yake apumzike. Iliwaambia wote.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Daudi pia (2 Samweli 21:15-17). Alichoka vitani hadi jitu mmoja akataka kumuua. Abishai akamwokoa, na watu wake wakaapa kwamba hatatoka nao tena vitani, taa ya Israeli isije ikazimika. Waliosema hivyo walikuwa tayari kupigana mahali pake. Kumwambia mzee "pumzika baba" bila kushika jembe lake ni kelele tu.

Kwa hivyo naongea na sisi wenye nguvu. Vijana wa mjengo, jiwe likishachongwa, mkono wenu ndio ulinyanyue, na hesabu ya jiwe ibaki ya mzee. Mlio Mombasa na Nairobi, mtungi wa lita 20 wa mama unaweza kuwa pesa ya mkokoteni kila wiki, naye abebe mtungi wa lita tano kwa ajili ya mikono yake. Na sisi viongozi tuache kumpigia makofi mzee anayebeba benchi za kanisa peke yake huku vijana wakitazama simu.

Kuruwitu tunaijua hesabu hii. Samaki walipopungua, wavuvi na wakazi waliunda chama chao mwaka 2003, kisha wakatenga hekta 30 za bahari zisivuliwe kabisa. Ilionekana ni kujinyima. Samaki wakarudi, na mwaka 2017 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Lakini mpaka ule haukushikwa na mvuvi mmoja. Kama mmoja angeacha kuvua na wengine wakaingia usiku, angelala njaa bure.

Na mgongo wa mzee ni hivyo hivyo. Hauwezi kupumzika kama sisi wengine hatujakubaliana. Wagalatia 6 inatuagiza tubebeane mizigo, na mistari michache mbele inasema kila mtu atabeba wake. Mzee abebe ule unaomjenga. Ule unaomvunja ni wetu.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii: kila mmoja ataje mzee mmoja anayemjua na mzigo mmoja anaobeba. Kisha, kabla ya kufunga kwa maombi, mkubaliane nani ataubeba kuanzia Jumatatu.

Mungu awabariki.